Mashine ya umeme ya kutuliza maumivu mgongoni, baada ya mwaka mmoja nayo: nyota tatu na nusu

Naanza na soksi manake ndo kipimo changu. Miaka minne baada ya oparesheni ya diski nilikuwa siwezi kuvaa soksi ya mguu wa kushoto mwenyewe, mguu unawaka moto kuanzia kwenye tako mpaka kidole gumba, usiku shuka likiugusa tu naruka. Vidonge nimekula mpaka akili ikawa nzito, sindano za mgongoni nimechomwa, fizio nimeenda sana tu, na kwenye picha wanasema mgongo uko vizuri. Hapo ndo nikaambiwa shida sio mfupa tena, ni mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele, na kuna mashine ya kuitulizia.

Kwa asiyeijua, ni nyaya mbili nyembamba zinapitishwa kwa sindano nene mpaka nyuma ya ule uti laini wa ndani ya pingili, nje ya utando wake, afu zinaunganishwa na betri inayofukiwa chini ya ngozi juu ya tako. Umeme mdogo unapita, maumivu yanabanwa njiani kabla hayajapanda kichwani. Sio kitu cha jana hiki, watafiti wawili, Melzack na Wall, waliandika 1965 kwamba mgongoni kuna kama geti, mguso ukipita kwa wingi maumivu yanakosa nafasi (ndo maana ukijigonga unajisugua), na 1967 daktari Norman Shealy kule Marekani akamwekea mgonjwa wa kwanza.

Sasa kilichonifanya niikubali ni wiki ya majaribio. Kabla hujafukiwa betri unaingizwa nyaya za muda, mikia yake inatokea nje ya ngozi, unabandikwa plasta kubwa na kiboksi unakivaa kiunoni, mimi nilikaa nacho siku 7. Hakuna kuoga, unajifuta tu na kitambaa. Maumivu yasipopungua angalau nusu wanazichomoa na mnaagana salama. Jamani, oparesheni gani nyingine unaionja kwanza? Ile ya diski hakuna aliyenionjesha.

Na hata kule mezani huwi umelala fofofo, umelala kifudifudi uko macho, daktari anasogeza waya anauliza "hapa je?", unasema kwenye paja, anasogeza tena, "na sasa?", nyayo, ee hapohapo. Ulikuwa ni msisimko kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka, ila mtamu, nikasahau kabisa kuna mtu ananichokonoa mgongo.

Ila wiki hiyo usijidanganye. Siku mbili za kwanza nilikuwa nimepona kabisa, yaani furaha tupu, siku ya tatu maumivu yakarudi kidogo nikajua nilikuwa nimelewa matumaini. Kwa hiyo nikaacha mambo ya "maumivu yako ni ngapi kati ya kumi", nikawa naandika nimesimama dakika ngapi na nimelala masaa mangapi. Usiku wa tano nililala masaa matano mfululizo na shuka likiwa juu ya mguu. Hapo nikasema nifukieni.

Baada ya hapo wiki sita hakuna kuinama, hakuna kujizungusha, hakuna kubeba, kwa sababu waya ukicheza kabla haujashika unahama. Nilitii na bado wangu ulihama mwezi wa tatu, nikashtukia msisimko uko mbavuni na mguu unawaka upya. Bahati walibadilisha tu programu wakatumia vituo vingine (zile sehemu zinazotoa umeme) vya waya uleule, sikupasuliwa, lakini kuna wanaorudishwa mezani, na wengine kidonda kinaingia vijidudu kifaa kinatolewa kabisa. Hayo muulize daktari, fundi wa kampuni aliyenifundisha rimoti aliyagusa kama mtu anayeruka dimbwi.

Mengine nimejifunza mwenyewe. Ukilala chali umeme unakuwa mkali manake uti unasogea karibu na nyaya, ukipiga chafya unapata kashoti. Aina yangu ya msisimko unaizima ukiendesha gari. Zipo za masafa ya juu, mapigo 10,000 kwa sekunde, zilizoruhusiwa Marekani 2015, hizo husikii chochote, ningepewa kuchagua tena ningeuliza hizo kwanza. Eapoti unaonyesha kadi, kipimo cha MRI mpaka wahakikishe kifaa chako kinaruhusu, na fizio asikuwekee ile mashine yake ya joto la umeme, hiyo ni hatari kabisa.

Nyota nyingine nimeibania kwa sababu ya chaji na kwa sababu ya utafiti. Kule Uingereza NICE, taasisi inayoamua matibabu gani yanafaa, waliipitisha tangu 2008 kwa maumivu ya mishipa yaliyozidi miezi 6 na matibabu mengine yameshindwa, sawa. Ila 2022 ukatoka utafiti wa Norwei, wagonjwa 50 waliokuwa na maumivu baada ya oparesheni ya mgongo kama mimi, wakawashiwa na kuzimiwa bila kujua (umeme wao ulikuwa wa aina usiyoihisi), na kwenye shughuli za kila siku haikuonekana tofauti ya maana. Nilivyosoma niliishiwa nguvu. Nikaizima yangu siku mbili nione, usiku wa pili shuka likarudi kuwa adui. Najua mtu mmoja sio utafiti, na mimi nilikuwa najua imezimwa, kwa hiyo simwambii mtu hii ni uhakika.

Mgongo wenyewe nikiamka bado unauma kama zamani, huo haijaugusa. Mguu ndo umetulia, nusu na kidogo, vidonge nimepunguza na soksi navaa mwenyewe. Ila chaji sasa, mara mbili kwa wiki unakaa lisaa na mkanda wenye sahani ya kuchajia juu ya betri, ile sahani ikiteleza kidogo tu inalia pii pii unaanza kuitafuta betri kwa vidole kama unatafuta swichi gizani. Hata saa hizi naandika nimeivaa, imefika nusu na ishalia mara tatu.