Kili Golf Usa River: hela ya mchoraji imeenda wapi?

Wakuu, naona watu wanabishana kama mchoraji wa kiwanja cha gofu anastahili hela anayolipwa, wengine wanasema si umwite tu mwenye greda na fundi wa nyasi mambo yaishe. Mimi niko Arusha, nacheza hendikapu 22, yaani mchezaji wa kawaida tu, na kwa uzoefu wangu pale Kili Golf hela ya mchoraji inaonekana kabisa.

Kiwanja ni mashimo 18, pa 72 (mapigo anayotarajiwa mchezaji mzuri kumaliza nayo), kachora David Jones wa Ireland Kaskazini, jamaa mwenyewe kacheza gofu ya kulipwa na Kenya Open ya 1989 aliichukua yeye. Mandhari simpi maksi hata moja, Meru na Kilimanjaro vilikuwepo tu. Mi naangalia maji. Nenda masika, mvua imepiga usiku kucha, asubuhi kanyaga greeni, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, uangalie pembeni ya kiatu kama maji yanapanda juu ya nyasi. Greeni ikijengwa kwa utaratibu wa USGA, chama cha gofu cha Marekani, chini kuna mabomba, juu yake kokoto kama sentimita 10, halafu mchanga kama sentimita 30 ndo nyasi zinaota hapo, na juu pameinamishwa kidogo maji yatoke. Kwenye picha huoni chochote. Kuna kiwanja kingine nimecheza, sikitaji, walibania hela ya mchoro, ikinyesha banka zote, vile vishimo vya mchanga vya kumtega mchezaji, zinakuwa madimbwi na kila mwaka wanafukua upya.

Halafu kuna njia. Mchoraji anayejua kazi anamwachia mchezaji wa kawaida pa kupita, mwenye nguvu apige juu ya banka, mwingine azunguke pembeni akubali pigo moja limeenda lakini mpira anao. Hiyo ndo inafanya ulipie tena wiki ijayo.

Ila kuna kitu kinaniuma. Augusta National, kiwanja maarufu cha Marekani, alichora Alister MacKenzie pamoja na mchezaji Bobby Jones, MacKenzie akafariki Januari 1934 hajalipwa hela yake yote, mashindano ya Masters yakaanza Machi mwaka huohuo na mpaka leo dunia nzima inatazama ile kazi. Huyo alidhulumiwa aisee.

Kwa hiyo kama kuna mtu huko Moshi ana shamba anawaza mashimo 9, abanie klabuhausi, abanie vigae na geti, mchoraji alipwe, na kabla ya kusaini amwambie mchoraji ampeleke kwenye kiwanja alichochora zamani, mwezi wa nne masika ikiwa imekolea, ajionee maji.