Dawa ya chawa na kibandiko cha bei

Nilikuwa nimeapa kuandika hapa kwamba dawa hii ni takataka. Siku kadhaa zimepita na sasa sijui nimlaumu nani. Hapana, najua sana.

Binti yangu yuko gredi ya tatu hapa Nakuru. Jioni moja nikimfumua nywele nikaona kitu kinatembea nyuma ya sikio. Chawa. Tukaenda kemisti moja mjini, foleni mpaka mlangoni. Nikanong'ona shida yangu. Kijana wa kaunta akampigia mwenzake kelele: "Leta ile ya chawa!" Kisha akanigeukia: "Lakini mama, si umnyoe tu?" Mtoto akavuta kola ya sweta ikamfunika masikio. Kila nikiikumbuka ile kola naanza kukasirika upya.

Nikapewa losheni ya permethrini asilimia 1, chupa tupu bila boksi wala karatasi. Inatumiwaje? "Paka usiku, osha asubuhi. Paka kila mtu nyumbani." Kila mtu! Kwangu yupo dada yangu na kichanga cha wiki sita.

Nikampaka binti baada ya chakula, nywele kavu, nikamfunga leso. Saa tano hivi akaniamsha analia. Shingo nyekundu, macho yanawaka, dawa imechuruzika na jasho. Nikamwosha macho kwa maji mengi, halafu kichwa nikakisugua kwa sabuni mara tatu kwa woga. Alipotulia nikaishika chupa chini ya taa ya jikoni. Kibandiko cha bei kilikuwa kimebandikwa juu ya maelezo! Nikakikwangua kwa ukucha, herufi moja moja zikijitokeza. Dakika 10. Dakika 10 tu! Kwanza nywele zioshwe kwa shampuu isiyo na kondishena, zipanguswe zibaki na unyevu, mtoto ajifunike macho kwa taulo, upake, uhesabu dakika 10, usuuze. Na mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe. Hapo nikaketi chini.

Mama mkwe naye akapiga simu asubuhi: mafuta ya taa ndiyo dawa. Mama, mafuta ya taa ni sumu na yanashika moto, na jiko letu ni la mkaa. Afadhali hata yule kijana.

Nikamrudishia chupa aone. Akasoma pale nilipokwangua, akaniuliza, "Kwani ameumia?" Nikakosa la kusema.

Sasa, haki ya dawa. Chawa wengi niliowachana asubuhi ile walikuwa wamekufa, wachache wakijikokota kama walevi. Ila haimalizi mayai yote. Yale meupe yanayofanana na mba, ukiyapuliza hayatoki, yamegandamana na unywele, na yaliyopona huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo siku ya 9 nikarudia, safari hii kwa utaratibu: ameinama juu ya beseni, taulo machoni, saa ya simu ikihesabu. Hakulia. Baada ya hapo hatukugusa shampuu siku mbili, kwa sababu dawa inayobaki kwenye nywele huendelea kufanya kazi. (Ndiyo, sabuni yangu ya usiku ule ilikuwa kosa, maji matupu yangetosha.) Dada yangu nilimkagua, hana chawa, kwa hiyo hakupakwa.

Basi dawa naipa nyota nne. Duka nyota moja. Au nyota mbili, kwa shingo upande, maana kitana cha chuma chenye meno ya kubana nimekitafuta sokoni mpaka miguu ikauma, nikakipata kwa yule yule kijana. Nilimwachia pesa kaunta nikatoka bila kumtazama. Binti nilimwacha nyumbani.