Uzoefu wangu na vidude vya kupima mwendo wa mtoto, miezi minne sasa

Mwanangu ana miaka 7, ana mtindio wa ubongo uliomshika upande wa kushoto. Anatembea mwenyewe ila mguu ule anauchuchumia, kisigino hakigusi chini, yaani kiatu cha kushoto kinalika mbele mpaka kidole kinachungulia na nyuma soli mpya kama jana katoka dukani.

Wifi yangu (dada wa mume jamani, sio ya intaneti) ndo kavituma kutoka Uingereza. Viwili, kila kimoja kama kiberiti, unafunga juu ya kifundo cha mguu kwa mkanda wa kunata, ndani kuna sensa zinazosoma jinsi kasi inavyobadilika na jinsi mguu unavyogeuka halafu bluetooth inapeleka kwenye simu. Sio kama zile saa za kuhesabu hatua tu, hivi vinakwambia mguu upi umekaa chini muda gani na kisigino kimegusa mara ngapi.

Sasa shida yangu ilikuwa hii, tukienda kliniki mtoto akimuona fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) anatembea kama yuko gwaride, kisigino chini kifua mbele, fizio anamsifia na mimi naonekana mwongo maana nishasema nyumbani hatembei hivyo. Tulipofunga wiki mbili mfululizo ikaonekana wazi, asubuhi kisigino kinagusa kama mara 7 kwenye hatua 10, ikifika saa kumi jioni ni mara 2. Fizio akaangalia grafu akanyamaza kwanza, kisha akasema mazoezi ya kunyoosha kigimbi tuyatoe usiku tuyalete pale anapotoka shule, na splinti (kifaa cha kushikilia mguu ukae sawa) avae mchana pia. Hapo ndo nikaona hela ya wifi haijapotea.

Ila kero zipo. Jasho la Dar na ule mkanda ni upele, siku hizi nafunga juu ya soksi ndefu. Bajaji kwenye barabara ya mashimo inahesabiwa kuwa mtoto anatembea, siku moja ikaandika hatua 900 na alikuwa mapajani kwangu. Chaji siku mbili tu, umeme ukikatika ndo basi. App nzima kiingereza, bibi yake anafuata rangi tu, nyekundu ananipigia simu kazini. Na mikanda ni mikubwa, mtoto wa miaka mitatu minne inazunguka mguuni, msinunue kwanza.

Halafu kuna Jumamosi nimefungua simu nakuta kushoto 10 kwa 10, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka, nampigia fizio huku nalia. Natoka uani nakuta vidude kavaa binamu yake wanacheza mpira, mwanangu kakaa golini anacheka. Tangu siku hiyo navifunga mwenyewe na fundo la kamba juu.