Bima ya nyumba yangu Kasese: nilivyoamua niikatie kiasi gani

Huu ni mwaka wa tatu nina bima ya nyumba, na nimeshawahi kudai fidia, kwa hiyo siandiki kwa kusoma tangazo. Bima yenyewe inafaa. Kampuni naipa tatu kwa tano. Kazi kubwa haikuwa kuchagua kampuni, ilikuwa kuamua nyumba iandikwe shilingi ngapi.

Mimi ni mama wa vitenge, nauza Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na nyumba iko Kasese mjini: vyumba vinne, matofali ya kuchoma, paa la mabati. Bima niliingia kwa kusukumwa na benki, maana ndiyo iliyonipa mkopo wa kumalizia ujenzi. Lakini benki inalinda chake. Deni lilikuwa limebaki shilingi za Uganda milioni 120, na afisa wa mikopo akataka bima ya milioni 120, basi, hakuuliza zaidi. Kijana wa kampuni ya bima naye akaja na ripoti ya mthamini mkononi. "Mama, nyumba hii inauzika milioni 380. Tuandike hiyo, ulale usingizi." Namwelewa, kamisheni yake inafuata ada ninayolipa mimi.

Namba zote mbili nilizikataa. Deni linaonyesha benki inanidai nini, halisemi kuta zitagharimu nini. Na ile 380 ni bei ya sokoni, ndani yake mna kiwanja, na viwanja vya upande wetu vimepanda bei vibaya sana. Nyumba ikiungua, ardhi inabaki palepale. Hata ukiandika milioni 380, kampuni italipa hasara uliyopata, haitakulipa ardhi ambayo bado unaikanyaga. Hiyo ziada unailipia ada bure kila mwaka.

Namba niliyoitaka ni ya kuijenga nyumba hiihii, kwa bei za leo, kuanzia msingi. Nikamwita shemeji yangu, fundi wa siku nyingi, tukakaa barazani na daftari la watoto. Simenti, nondo, mchanga, kokoto, matofali, mbao za paa, mabati, mabomba, nyaya, vigae vya bafuni, na mikono ya mafundi. Nilipodhani tumemaliza akaniambia, "Shemeji, kwanza utabomoa. Kifusi nacho kinabebwa na lori, na lori linakula pesa." Tukaongeza kifusi, tukaongeza pesa ya kuchora ramani na kuipitisha manispaa. Jumla ikafika milioni 260. Mwenye nyumba kubwa kuliko yangu ni afadhali amlipe mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi, ila kwa nyumba ya kawaida fundi mkweli anatosha.

Nikaandikisha hiyo, ada ikaja laki sita na kidogo kwa mwaka, pamoja na VAT ya asilimia 18. Si haba, lakini simu ya mwanangu wa kidato cha nne ilinigharimu zaidi.

Jambo jingine nililoshikilia ni tetemeko na mafuriko yatajwe kwenye hati kwa majina yake. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Wazee wetu wanalikumbuka tetemeko la 1966, na mimi mwenyewe nalikumbuka la 1994. Na Mto Nyamwamba kila mtu Kasese anaujua: mwaka 2013 ulishuka na mawe makubwa ya mlimani, na 2020 ukarudi, ukaibomoa hata hospitali ya Kilembe. Bima ya moto peke yake huku kwetu ni nusu bima. Vyombo vya ndani nilivikatia kidogo tu. Ila wafanyabiashara wenzangu wajue hili: vitenge nilivyoviweka chumba cha nyuma havihesabiwi kuwa vyombo vya nyumbani. Hiyo ni bidhaa, inataka bima yake.

Mwaka wa pili upepo ulikuja na mvua, ukang'oa mabati ya upande wa jikoni, dari ikalowa yote. Hasara ilikuwa kama milioni 13. Kampuni ikamtuma mkadiriaji wa hasara, na cha ajabu, kabla hajapanda juu alizunguka na futi yake akapima nyumba nzima, hata sebule ambayo haikuguswa na tone. Nikamuuliza, mwanangu, mbona unapima pasipoharibika? Akasema anataka kuona kama nyumba imekatiwa bima kwa thamani yake kamili.

Hapo ndipo nilipoona shemeji amenifaa kiasi gani. Hati nyingi zina kifungu cha wastani: ukiikatia bima pungufu, unalipwa pungufu kwa kiwango hichohicho, hata kama kilichoharibika ni kipande tu. Ningefuata ile milioni 120 ya benki kwa nyumba ya kujengwa kwa milioni 260, hasara ya milioni 13 ingelipwa milioni 6. Saba zilizobaki ni zangu. Watu hudhani ukikata nusu, hasara ndogo italipwa yote kwa sababu haijavuka hiyo nusu. Haiendi hivyo.

Nililipwa bila kupunguziwa wastani, wakatoa tu ile sehemu ambayo hati inasema mwenye nyumba anabeba mwenyewe. Sasa malalamiko. Pesa ilichelewa mno, kila nikipiga simu faili liko "kwa mkubwa", mpaka nilipotaja kwamba nitapeleka barua kwenye ofisi ya malalamiko ya mamlaka ya bima Kampala, ndipo faili likapata miguu. Na paneli za sola zilizoanguka na yale mabati hawakuzilipa, eti hazimo kwenye hati, ilhali fomu yao yenyewe haina hata mstari wa kuandika sola. Nchi hii ya umeme wa kukatikakatika, fomu haijui sola!

Mwaka huu shemeji amepiga hesabu upya, maana bei za vifaa hazikai. Nimepandisha hadi milioni 285, na sola ya milioni 6 imeandikwa peke yake, kwa idadi ya paneli na betri. Ada imeongezeka elfu sabini na kitu. Kijana bado ananiimbia ile 380, nami bado namwambia hapana.