One Piece, juzuu tatu kwa moja: yastahimili hewa ya Mombasa?

Manga hii, yaani katuni ya Kijapani isomwayo kutoka kulia, ni ya Eiichiro Oda; inatoka tangu 1997 na juzuu zimeshapita 100, kwa hivyo toleo linalounganisha tatu pamoja linaokoa kabati na mfuko. Hilo sina ubishi. Shida ni uti wake: gundi ngumu, ukilifungua sana lapasuka, na mchoro uliotandaa kurasa mbili unamezwa katikati. Karatasi nayo, kwa unyevu wa huku Kibokoni, yajikunja pembeni na kuota madoa ya kahawia. Mimi nalitia nailoni na vile vipakiti vya kunyonya maji vya kwenye viatu vipya. Kusoma kutoka kulia hakunipi tabu, chuoni kwa Kurani tulianza hivyo. Wadogo zangu wakitaka kuazima nawapa hili. Juzuu mojamoja za kabatini hazitoki.