Grisi ya kupaka kwenye globu ya oveni: uzoefu wangu, Kigamboni

Kioo kilitoka na mkono wangu, kitako kikabaki ndani ya holda. Ilikuwa Alhamisi usiku, nina oda ya keki ya kipaimara ya kutoka Jumamosi asubuhi, na taa ya oveni ilikuwa imezimika tangu mchana. Nilidhani kubadilisha globu ni kazi ya dakika mbili. Ikala siku mbili, halafu ikanipeleka miezi kadhaa ya kutafuta kitu cha kupaka kwenye hesi, yaani zile nyuzi za kuzungushia, ili balaa lile lisijirudie. Niliowauliza walikuwa wengi, majibu yao hayakufanana hata mawili, na kila mmoja alikuwa na uhakika wake.

Kwa asiyeoka, taa ya oveni ni pambo. Kwangu mimi ni jicho. Bila taa, kila nikitaka kujua keki imefika wapi lazima nifungue mlango, na sponji ikipigwa na hewa kabla haijashika inanywea katikati kama godoro la wageni. Tochi ya simu haisaidii. Ukimulika kioo cha mlango unajiona mwenyewe tu.

Nianze na kosa langu. Globu iliyovunjika niliinunua Kariakoo mwaka jana, na haikuwa ya oveni. Nilimwambia kijana wa dukani "globu ndogo ya oveni, ya kuzungusha", akaniletea ndogo, ya kuzungusha, nikalipa nikawahi pantoni. Kumbe ilikuwa ya friji. Zinafanana kama pacha: kitako kile kile cha E14, chenye upana wa milimita 14, kioo kile kile, hata wati zinaweza kulingana. Tofauti ni kwamba ya oveni imetengenezwa kuhimili joto, na kwa kawaida utaona imeandikwa 300°C kwenye boksi au kwenye kitako chenyewe. Ya friji haina maandishi hayo, na gundi inayoshika kioo na kitako haikuwekwa kwa ajili ya moto. Ikichemshwa kila siku inakuwa unga. Ndiyo maana kioo kilinitoka kirahisi hivyo. Na za LED usijaribu kabisa, zile saketi zake ndogo zitakufa mapema.

Kutoa kitako ni hadithi nyingine. Dada yangu aliniambia kwenye simu nikate kiazi mviringo nusu, nikisukumize humo, nizungushe. Nilizima swichi kubwa, nikafanya. Kiazi kilimomonyoka, kitako hakikutikisika, na sasa ndani ya holda kukawa na majimaji ya kiazi juu ya chumvi ya bahari iliyokuwepo. Fundi umeme aliyekuja kesho yake alichungulia akanyamaza kidogo. "Mama keki," akasema, "umepika futari humu?" Alikausha, akachukua plaizi ya mdomo mrefu, akabana ukingo wa kitako akaukunjia ndani, ukaachia, akazungusha taratibu mpaka kikatoka. Kilikuwa na unga mweupe mgumu kote kwenye hesi.

Huo unga ndio adui. Naishi kama mita mia tano kutoka baharini, na wa huku mnajua chumvi inavyofanya: bawaba, nati za feni, mpaka zipu za mabegi. Vitako vingi vya globu za bei nafuu ni alumini, na ganda la holda ni chuma kingine. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja inaliwa, na hapa inayoliwa ni alumini. Ongeza mvuke wa siagi unaopenya nyuma ya kifuniko cha kioo kinachofunika globu na kuoka kama vanishi, ongeza joto na baridi kila siku, utapata kitu kinachoshika kuliko saruji.

Jambo jingine aliloligundua fundi ndilo lililonitisha. Alirudisha umeme, taa ya oveni ikiwa imezimwa kwenye kitufe chake, akagusisha testa kwenye ganda la holda. Ikawaka. Waya wa moto na wa nyutro zilikuwa zimebadilishana kule kwenye soketi ya ukutani, kwa hiyo ganda lote lililotakiwa kuwa salama lilikuwa na umeme hata kitufe kikiwa kimezimwa. Alizipanga upya palepale. Tangu siku hiyo siingizi mkono mle bila kuzima swichi kubwa na kupima, na kama unasoma hapa ili ujue upake nini, fanya hivyo kwanza.

Sasa mafuta.

Nilianza na ya nyumbani, mafuta ya mgando. Nilipaka kwenye hesi za kile kifuniko cha kioo, kwa majaribio. Yanayeyuka kabla hata oveni haijapata joto la kuoka, yanatiririka yanakotaka, na yanayobaki yanaungua kuwa utando wa kahawia unaonata kama asali iliyokaa sana. Baada ya wiki chache kifuniko kilikuwa kigumu kuliko mwanzo. Mafuta ya kupikia ni hivyo hivyo au zaidi, ndiyo yale yale yanayogandisha masizi kwenye trei.

Kuna fundi mwingine, si yule wa plaizi, aliyewahi kunipulizia dawa ya kutu mle ndani bila kuniuliza. Ile dawa ni nzuri ya kulegeza nati iliyoshika, halafu inafutwa. Siyo ya kuachwa penye moto. Inashika moto upesi, inakauka haraka, na harufu yake nililipia mimi: trei mbili za keki ndogo zilizonukia gereji.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni makanika. Yeye aliniletea grisi ya shaba kwenye kikopo. "Shem, hii tunapaka kwenye bolti za egzosi na nyuma ya pedi za breki, haisikii moto." Kweli haisikii, makopo mengi yameandikwa nyuzijoto zaidi ya 1,000. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi. Mafuta yaliyomo huungua yote, na kinachobaki ni unga wa shaba unaozuia metali mbili zisishikane. Kwa hiyo namba kubwa kwenye kopo ni ya unga, siyo ya mafuta. Swali ni kama unautaka huo unga hapo. Mimi siutaki, kwa sababu mbili. Shaba inapitisha umeme, na kati ya ganda na kile kidoa cha chini ya kitako kinachopokea umeme kuna nafasi ndogo sana. Grisi ikitambaa mpaka hapo umetengeneza shoti. Pili, shaba na alumini penye chumvi ni ugomvi ule ule niliokuwa naukimbia. Sehemu nyingine pengine ingefaa. Huku ufukweni, hapana.

Risasi ya penseli nayo niliambiwa, usugue kwenye hesi tu. Nilivutiwa maana ni ya bure, mwanangu anazo nyingi, haina mafuta, haina harufu, na grafaiti, yaani hiyo risasi yenyewe, inastahimili joto lote la oveni ya nyumbani. Lakini nayo inapitisha umeme na nayo inachochea alumini kuliwa kwenye unyevu. Anayeishi Dodoma ajaribu kwa raha zake.

Muuza vifaa vya bomba alinishauri nizungushie tepu nyeupe ya mabomba. Ile ni PTFE, plastiki ile ile ya sufuria zisizoshika. Inakinga umeme, kwa hiyo taa inaweza isiwake kabisa, na ikipita takriban nyuzijoto 260 inaanza kuharibika. Ikizidi kuungua inatoa moshi unaoua ndege. Jirani yangu anafuga kasuku, na dirisha la jiko langu linatazama tundu lake.

Kilichonifaa nilikipata mahali ambapo sikutarajia: kwenye duka la spea za mashine za kahawa, upande wa Mikocheni. Ni grisi ya silikoni, tyubu ndogo nyeupe, ile wanayopaka kwenye mipira ya mashine za espresso. Imeandikwa H1 na imeandikwa kiwango cha joto, mpaka 200°C. Nililipa elfu ishirini na tano, nikaona wameninyonga, lakini tyubu yenyewe haiishi leo wala kesho.

Hiyo H1 watu wanaielewa vibaya. Maana yake ni kwamba kilainishi hicho kikigusa chakula kidogo kwa bahati mbaya, kinakubalika. Haisemi ni cha kula, na haisemi lolote kuhusu moto. Nimeonyeshwa dukani grisi ya H1 isiyofika hata nyuzijoto 150. Ukinunua, tafuta vyote viwili kwenye tyubu, na kama muuzaji amekupimia kwenye kikopo kisicho na maandishi, mrudishie. Nusura niuziwe hivyo mara moja mtaa wa Gerezani. Nilipomuuliza yule mzee inahimili joto kiasi gani, akanijibu, "Mwanangu, grisi ni grisi." Nikamshukuru, nikaondoka na pesa yangu.

Silikoni haipitishi umeme. Nilikuwa na wasiwasi taa haitawaka, lakini ukipaka utando mwembamba, hesi zikikazwa zinausukuma pembeni na chuma kinagusa chuma. Cha muhimu ni kutopaka kwenye kile kidoa cha chini. Mimi natumia kiasi cha punje ya mchele, nakisambaza kwenye hesi kwa kijiti cha pamba ya masikio, halafu nafuta na kitambaa kana kwamba nimejutia kupaka. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho kinachohitajika. Kabla ya hapo nasugua ganda la holda kwa mswaki mkavu, umeme ukiwa umezimwa. Globu naizungusha mpaka ikae, basi; nusu ya globu zinazoshika zilikazwa na mtu mwenye nguvu kuliko subira.

Kisha oveni tupu, nyuzijoto 200, nusu saa, madirisha wazi. Hili usiliruke. Karatasi za usalama za silikoni za aina hii huonya kwamba ikipita nyuzijoto 150 penye hewa inaweza kutoa mvuke wa fomaldehaidi, ambao ni sumu. Kwa punje iliyofutwa, tena nyuma ya kifuniko cha kioo, sikuona sababu ya kuogopa, lakini sikutaka mvuke wa kwanza uende kwenye keki ya mtu.

Imepita miezi minane. Naoka karibu kila siku, 160 mpaka 180. Mwezi uliopita nilizima umeme nikaifungua globu makusudi, kwa vidole viwili. Ilitoka kama kifuniko cha chupa ya maji. Utando ulikuwa umekauka kidogo, rangi imekuwa ya maziwa ya mtindi, hakuna ugumu, hakuna unga mweupe. Nikafuta, nikapaka upya.

Lakini sitaipa grisi sifa zote. Globu niliyofunga safari hii ni ya oveni kweli, 25W, 300°C, na kitako chake ni brasi (shaba iliyochanganywa na zinki) iliyopakwa nikeli. Fundi wa plaizi ndiye aliyenisisitizia: "Mama, kabla ya grisi angalia kitako." Ukiipima mkononi alumini unaijua, nyepesi na laini. Brasi ni nzito na ngumu kidogo, na ndani ya holda ya chumvi haitoi ule unga mweupe. Bei ilizidi kwa elfu mbili tu. Kama mtu ana pesa ya kimoja, anunue globu yenye kitako cha brasi, grisi aiache.

Lawama zangu kwa tyubu ni kwamba 200°C ni mpakani. Kwa keki na maandazi ya oveni inatosha. Kwa anayeoka piza au mikate kwenye 230 na 250, itakauka mapema, na huyo nadhani atafute ile pesti nyeupe ya seramiki, isiyo na metali, isiyopitisha umeme, iliyoandikwa nyuzijoto zaidi ya 1,000. Niliiona kwenye duka la vifaa vya gereji, kopo la kutosha kupaka mtaa mzima, nikashindwa na bei. Na ukishika tyubu hii halafu ukashika kioo cha globu, kinabaki na alama zinazoungua. Vaa glavu au shika kwa kitambaa, hasa kwa zile za halojeni za pini mbili, ambazo hazina hesi na hazihitaji grisi hata kidogo.

Nyota nne kati ya tano. Tyubu bado imejaa zaidi ya nusu. Shemeji ameniomba akapake mpira wa blenda ya mkewe, nimempa kwa masharti irudi kabla ya Jumapili, na kikopo chake cha shaba nimemrudishia.