Kunguru Bandia kwa Mpiga Picha wa Nairobi: Uzoefu Wangu na Seti ya Kunguru Sita na Bundi Mmoja

Seti ninayoizungumzia hapa ina kunguru sita wa plastiki na bundi mmoja, na ilitengenezwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani, ambao huwatumia ndege hao bandia kuwavuta kunguru halisi. Huko kunguru huwindwa kwa bunduki katika msimu maalumu. Tangu mwaka 1972 ndege hawa wamo miongoni mwa wale wanaolindwa na sheria ya ndege wahamao, na kanuni za serikali ya shirikisho haziruhusu jimbo lolote kufungua msimu unaozidi siku 124 kwa mwaka, wala kuwinda wakati ambapo wengi wao wanataga na kulea makinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na kunguru wa Nairobi hapigwi risasi kwa mchezo. Mimi nimeinunua seti hii kwa kazi ya kamera, na ninamwandikia mtu wa Nairobi anayetaka kumpiga picha kunguru akiwa hewani, mbawa zikiwa wazi na jicho likionekana.

Asiyewahi kujaribu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo dogo, kwa kuwa kunguru wapo kila mahali, kuanzia machinjio ya Dagoretti hadi paa za maghorofa ya katikati ya jiji. Ukweli ni kwamba kunguru humruhusu mtu kumkaribia mradi tu mtu huyo anaendelea na shughuli zake. Ukisimama, ukamkazia macho na kuinua kitu kirefu cheusi kumwelekea, anaondoka papo hapo. Waswahili husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kwa miaka yote niliyopiga picha za ndege, picha zangu nyingi za kunguru zilikuwa za mgongo na mkia. Kunguru bandia wanabadilisha hali hiyo kwa sababu ndege anakuja mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa ameelekeza uso wake mahali ulipojificha.

Nianze na vitu vyenyewe. Kila kunguru ana urefu unaokaribia ule wa kunguru halisi, yaani kitu cha sentimita 45 hivi, na ndani ni mtupu, hivyo seti nzima inaingia katika mfuko mmoja wa wavu na mtu anaweza kuibeba begani akiwa ndani ya matatu bila kumsumbua abiria mwenzake. Kila mmoja ana kigingi cha chuma cha kuchomeka ardhini na kibanio cha kumshika kwenye tawi. Wanne wana plastiki tupu, na wawili wamefunikwa kwa nyuzi laini kama za mahameli ili wasing'ae. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko picha za dukani zinavyoonyesha. Jua la Nairobi la saa tatu asubuhi likipiga mgongo wa plastiki tupu, unang'aa vibaya, na kunguru anayepita juu huuona mng'ao huo kabla ya kuona umbo. Ikumbukwe kwamba jicho la ndege lina aina nne za chembe za kupokea rangi ilhali letu lina tatu, kwa hiyo kitu kinachotudanganya sisi kwa umbali wa hatua kumi si lazima kimdanganye yeye. Kama muuzaji anakupa nafasi ya kuchagua, lipa zaidi uwapate wote sita wenye nyuzi.

Tatizo kubwa la bidhaa hii kwa mtu wa hapa si mng'ao, hata hivyo. Ni rangi. Mtengenezaji alimwiga kunguru wa Marekani, ambaye ni mweusi kuanzia mdomo hadi mkia. Kunguru wa Nairobi, ambaye wataalamu humwita Corvus albus, ana kichwa, koo na mbawa nyeusi, lakini kifua chake ni cheupe na weupe huo huzunguka mabega hadi nyuma ya shingo. Nilipowasimamisha kunguru wale weusi watupu kwenye shamba la shangazi yangu huko Ruai, kunguru wa eneo hilo walizunguka juu, wakatoa sauti moja moja, wakaenda kutua kwenye mikaratusi ya jirani. Hawakukimbia, lakini pia hawakushuka. Kwao hao hawakuwa jamaa.

Kwa hiyo anayenunua seti hii ahesabu gharama ya rangi kama sehemu ya bei. Nilichofanya ni kuwaosha kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kuwasugua kwa msasa laini sehemu ya kifua na shingo, kupaka praima inayoshika plastiki, kisha rangi nyeupe ya akriliki isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba. Ninashauri rangi hiyo nyeupe ichanganywe na kijivu kidogo sana, kwa sababu kunguru wa mjini hana weupe wa karatasi. Ana weupe wa nguo iliyovaliwa. Mpaka kati ya weusi na weupe usichorwe kwa mstari ulionyooka kama wa rula, bali uvunjwevunjwe kwa ncha ya brashi ili ufanane na manyoya. Wale wawili wenye nyuzi wanahitaji uangalifu zaidi, maana rangi nyingi huzigandisha nyuzi pamoja na kurudisha mng'ao uliolipia kuuepuka. Hao niliwagusa kwa sponji karibu kavu. Baada ya kazi hiyo, mwenendo wa ndege ulibadilika kabisa. Kunguru walianza kushuka wawili wawili, na baadhi yao walitua ardhini na kutembea kuelekea kwa wale bandia kwa mwendo wao ule wa madaha.

Maelezo yaliyokuja na seti yanaeleza namna ya kuwapanga, na hapa mtengenezaji anastahili sifa, kwa kuwa aliyeyaandika anawajua kunguru. Anasema mmoja awekwe juu, kwenye tawi au nguzo, awe mlinzi, kwani kundi linalokula bila mlinzi hutiliwa shaka. Wengine wawekwe chini kwa kutawanyika, wasitazame upande mmoja wote. Ninachoongeza mimi ni suala la upepo na mwanga, kwa sababu mwenye bunduki hajali sana jua liko wapi, lakini mwenye kamera hana lingine la kujali zaidi. Ndege hutua akiukabili upepo. Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka hupata upepo unaotoka mashariki, na asubuhi jua nalo liko mashariki. Maana yake ni kwamba ukiweka maficho yako upande wa mashariki wa kunguru bandia, ukalipa jua mgongo, ndege watakuja kutoka magharibi wakikukabili, uso na kifua vikiwa vimeangazwa kikamilifu. Sijaona jiji jingine ambalo mpangilio huu unakuja kwa urahisi hivyo, na ninasikitika kwamba wapiga picha wengi wa hapa huamka saa nne wakati bahati hiyo imekwisha.

Kuhusu kamera yenyewe, nitasema kidogo tu. Kunguru wa hapa ana weusi mzito na weupe mkali katika mwili mmoja, kwa hiyo pima mwanga kwa kuulinda ule weupe wa kifua, kisha uinue vivuli baadaye kwenye kompyuta. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/2000 ya sekunde wakati wa kutua.

Bundi ndiye aliyenishangaza. Ameigwa kutoka kwa bundi mkubwa wa Marekani mwenye vishungi viwili vinavyosimama kama masikio, na kwa kuwa ndege huyo ni wa jenasi moja na bundi wetu mwenye madoadoa, yaani Bubo, umbo lake linasomeka vizuri kabisa hapa bila kupakwa chochote. Kunguru na bundi ni maadui wa asili. Bundi huvamia usiku kunguru wakiwa wamelala, na kunguru humlipa mchana kwa kumzonga. Bundi akiwekwa juu ya nguzo ndefu na kunguru bandia kumzunguka, kunguru halisi hufika kwa kelele na kumshukia mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo zinapopatikana picha ambazo mtu hawezi kuzipata kwa njia nyingine yoyote: kucha mbele, mkia umefunguka, mdomo wazi. Hata mwewe aliwahi kujiunga.

Hata hivyo bundi huyu hutumika kwa kiasi. Asipotikisika, kunguru hugundua udanganyifu ndani ya dakika chache, na wakishagundua hawasahau upesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, wakiongozwa na John Marzluff, walivaa barakoa ya aina moja walipowanasa kunguru wachache mwaka 2006, na kwa miaka mingi baadaye kunguru wa eneo hilo waliendelea kuipigia kelele barakoa hiyo, wakiwemo ambao hawakuwahi kunaswa. Ndege wa namna hiyo hastahili kuchokozwa kila siku mahali pamoja. Mimi humfunga bundi uzi wa kuvulia samaki ili nimtikise kutoka mafichoni, humtoa kwa muda mfupi, kisha humfunika na kuwaacha ndege watulie. Katika msimu wa kutaga simtoi kabisa, kwa sababu mzazi anayemzonga bundi wa plastiki ameacha kiota wazi. Tena sijaitumia seti hii ndani ya Mbuga ya Nairobi wala msitu wa Karura, na sishauri mtu aitumie huko.

Kuna jambo jingine la bundi ambalo mtengenezaji wa Marekani asingeweza kuliandika. Shangazi alipomwona juu ya nguzo aliniita kando akasema, "Mwanangu, mchana sina neno, lakini usiku huyo asilale nje. Majirani watadhani tumeleta kifo." Nilimjibu, "Sawa, shangazi, nitamweka ndani ya gari kabla jua halijatua." Anayetumia shamba la watu afikirie hilo mapema, kwa kuwa kwa familia nyingi bundi anayelia karibu na nyumba ni habari ya msiba.

Kifaa cha sauti kinachouzwa pamoja na seti, kwa malipo ya ziada, sikukihitaji na sikipendekezi. Kina sauti za kunguru wa Marekani tu. Badala yake nilipata sauti za kunguru wa Afrika kutoka xeno-canto, hifadhi ya sauti za ndege iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayotumika bila malipo, nikazipiga kwa spika ndogo ya kawaida, kwa sauti ya chini, mara chache.

Wawindaji wa kule hulalamikia miezi ya kusubiri msimu ufunguliwe, na mpiga picha wa Nairobi naye ana miezi yake. Mvua za masika za Machi hadi Mei hulowesha maficho, na kuanzia Juni hadi Agosti anga hufunikwa na wingu la kijivu linalofanya kunguru mweusi aonekane kama tundu ndani ya picha. Muda huo nimeutumia kurekebisha rangi, kwa kuwa akriliki hubanduka mdomoni na mgongoni, na kuwatazama kunguru bila kamera ili nijifunze wanavyosimama: anayekula huinamisha kichwa chini ya mstari wa mgongo, mlinzi husimama wima zaidi, na hao wa plastiki wote wana mkao mmoja. Pia hujiunga na matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya chama cha uhifadhi cha Nature Kenya, ambako nimejifunza kuwa makini na kunguru mwenye shingo ya kijivu. Huyo ni kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, akaonekana Mombasa mwaka 1947, na ambaye amekuwa akiharibu viota vya ndege wadogo pwani yote. Anayekaa na kunguru bandia kwa saa nyingi hupata kuwatazama kunguru wengi kwa karibu, na akimwona huyo wa kijivu akiwa Nairobi anapaswa kumpiga picha na kuwaarifu wahifadhi siku hiyo hiyo.

Kasoro za ubora ni mbili. Vigingi ni vyembamba mno kwa udongo mweusi wa mfinyanzi wa Ruai, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kiasi cha kukunja chuma; nilitengenezewa vingine na fundi wa kuchomelea vyuma, vinene na virefu zaidi. Pili, kibanio cha tawini kilivunjika kwenye kunguru mmoja, na duka lililoniuzia halikuwa na cha kubadilisha. Kwa kuwa seti huagizwa kutoka nje, mnunuzi aulize bei kamili pamoja na usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo peke yake ni asilimia 16. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni mwanzo tu wa hesabu.

Ningeinunua tena, mradi iwe na nyuzi. Ila kwa msimu ujao nimemwagiza mchongaji wa Wamunyu anitengenezee kunguru wawili kwa mti wa mjakaranda, mmoja akiwa ameinama anakula na mwingine akiwa amegeuza shingo kutazama nyuma. Nimempelekea picha za kifua na bega ili ajue weupe unaanzia wapi, na nimemwomba atoboe tundu la kigingi chini ya tumbo, si mguuni, kwa kuwa mti ni mzito kuliko plastiki na miguu ya kuchonga haitaubeba.